Salongo kwa Bwana Sixten

Heshima alishuka basi saa kumi na nusu alasiri, miguu ikimuuma. Tangu asubuhi alikuwa amewaogesha wazee tisa katika nyumba ya kulelea wazee na kutukanwa na mmoja wao, na sasa alichokitaka duniani ni chai ya maziwa na kiti. Alipofika kwenye geti la nyumba yao pale Märsta, Uswidi, alisimama, akarudi hatua mbili, akatazama namba ukutani. Namba ilikuwa ileile, kumi na nne. Nyumba ilikuwa ileile. Kilichokosekana ni nyasi.

Uwanja wote wa mbele ulikuwa udongo mtupu, umesawazishwa na kufagiliwa, alama za ufagio zikionekana kuanzia barazani hadi kwenye uzio wa jirani. Hapakuwa na unyasi hata wa dawa. Katikati ya usafi huo walisimama wanaume kumi na wawili wa kanisa lao, suruali zimekunjwa, majembe mabegani, soda mikononi, wakitabasamu kama watu waliotoka kuposa na kukubaliwa.

"Mama Gaëlle, karibu kwako!" alisema mzee Anastase, mkuu wa kamati ya kazi kanisani. "Angalia vile inapendeza. Hata nyoka hawezi kupita hapa bila kuonekana."

"Nyoka," Heshima alirudia.

"Ile mashine ya kukata majani ilikataa kuwaka. Tukasema, mashine ya nini na mikono iko? Tulitosha yote, tukang'oa na mizizi yake. Haiwezi kuota tena hata mwaka ujao! Papa Gaëlle alituambia tufanye kama ni kwetu. Basi, tumefanya kama ni kwetu."

Walikuwa wamefanya hivyo kweli. Kwao Uvira, mashariki mwa Kongo, Jumamosi ya salongo, siku ya usafi wa pamoja, kila mtu hutoka na jembe, na uwanja wenye majani ni wa nyumba iliyohamwa au ya mvivu. Uwanja wa watu wenye adabu ni udongo uliofagiliwa. Majembe haya yalitoka katika vijishamba vya kupanga ambako wake zao hulima lengalenga, yaani mchicha, kila kiangazi, na wenyewe walikuwa wamevuka mji kwa treni nayo mabegani huku abiria wakiwapisha. Waliacha mapumziko yao ya Jumamosi kwa ajili ya ndugu yao. Mtu wa namna hiyo unamwambia nini?

"Aksanti sana, wapapa," Heshima alisema. "Mungu awabariki." Kisha akaingia jikoni, akaufunga mlango, akauma kitambaa cha vyombo ili asipige kelele. Alipomaliza kukiuma alibandika maji ya fufu, ule ugali wa kwao, kwa sababu watu wa salongo hawaondoki na njaa. Akawapikia, akawapakulia, akawasindikiza hadi getini, na muda wote huo machozi yalikuwa karibu.

Nyumba haikuwa yao. Ilikuwa ya Sixten Hallberg, mzee mjane aliyehamia kwenye kibanda chake cha mapumziko kando ya ziwa, na aliwapangisha kwa mwaka mmoja wa kujaribiana. Mkataba ungekwisha mwisho wa Juni. Wiki ya Midsommar, sikukuu kubwa ya Waswidi ya kiangazi, angekuja mwenyewe kuona nyumba ilivyotunzwa. Akiridhika, angewaongezea miaka mitatu. Asiporidhika, angeingia mpwa wake. Mkataba ulikuwa na vifungu kumi na kimoja, na kile cha saba, alichokipigia mstari kwa wino wa bluu, kilisema nyasi zikatwe kila wiki.

Kwa miaka sita Heshima na mumewe walikuwa wakihama kutoka nyumba ya mtu hadi nyumba ya mtu, Södertälje, Fisksätra, sasa Märsta, na binti yao Gaëlle mwenye miaka kumi na miwili alikuwa katika shule yake ya nne. Hakuwahi kumleta rafiki nyumbani. "Wakishaijua njia, tunahama," aliwahi kumwambia mama yake kwa Kiswidi, bila hata uchungu, kama mtu anayesema nje kuna mawingu. Heshima hakuyasahau maneno yale.

*

Fidèle alirudi saa moja jioni kutoka uwanja wa ndege wa Arlanda, ambako alikuwa akipakia mizigo ndani ya ndege. Jua bado lilikuwa juu kama la alasiri. Alisimama getini muda mrefu.

"Mama Gaëlle," aliita. "Majani iko wapi?"

"Waulize ndugu zako."

"Niliwaambia wakate!"

"Uliwaambia wafanye kama ni kwao. Kwao ni Uvira, Fidèle! Kwako vilevile. Ulitarajia nini?"

Fidèle aliketi kwenye ngazi na fulana yake ya rangi ya machungwa. Nia yake ilikuwa nzuri. Mwezi mzima wa Mei wote wawili walifanya kazi za zamu; huyu akiingia, yule anatoka, na anayebaki nyumbani analala. Nyasi zikapanda hadi vifundoni, maua ya manjano yakajaa, yakageuka manyoya meupe, na manyoya yakaanza kuruka kwa jirani, Bibi Gunvor, aliyetia karatasi kwenye sanduku lao la barua. Iliandikwa kwa upole wa kutisha: *Hapa kwetu tuna desturi ya kukata kabla ya mbegu.* Fidèle aliisoma mara tatu, na kila mara aliona haya zaidi. Jumapili akasimama kanisani akaomba msaada. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ila hakuna aliyemwambia kwamba vidole mia moja na ishirini huweza kung'oa na nywele.

"Ska vi flytta nu?" Gaëlle aliuliza kutoka dirishani. Tunahama sasa?

"Hapana," Fidèle alisema.

"Unajuaje?" aliuliza tena, kwa Kiswidi vilevile. Baba yake alijifanya anafungua kamba za viatu.

*

Jumatatu simu ililia. Alikuwa Bwana Sixten, na sauti yake ya kukwaruza ilisikika hadi kwa Heshima aliyekuwa akimenya viazi.

"Mnaendeleaje? Na nyasi?"

"Nyasi," Fidèle alisema kwa Kiswidi chake cha makini. "Nyasi ni… fupi."

"Zimekatwa?"

"Zimekatwa, ndiyo."

"Fupi kiasi gani? Zisiwe fupi mno, jua litaziunguza."

Fidèle alitazama nje, kunguru wawili wakitembea kwenye udongo kama wakaguzi. "Fupi," alisema. "Lakini jua haliwezi kuziunguza."

Alipokata simu, Heshima aliweka kisu chini. "Njia ya mwongo ni fupi, Papa Gaëlle."

"Sikusema uongo hata neno moja!"

"Ndiyo sababu unatoka jasho?"

Kampuni moja waliyoipigia ilisema inaweza kuleta nyasi zilizokwisha kuota, zilizokunjwa kama mikeka, na kuzitandika kwa siku moja. Bei yake ilikuwa mshahara wa Heshima wa mwezi na zaidi. Fidèle aliaga kwa adabu, akaweka simu chini polepole.

*

Aliyewaokoa alikuwa Wamuyu, Mkenya aliyekaa safu ya pili ya nyumba zilezile. Alifanya kazi ya kutunza bustani na viwanja vya kampuni moja, na kutwa nzima alikuwa juu ya mashine ya kukata nyasi. Jumanne jioni alipita na mfuko wa maziwa, akauona uwanja, akauangusha mfuko.

"Haiya! Fidèle! Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, dada. Ni salongo."

Wakamweleza. Wamuyu alicheka mpaka akashika uzio. Heshima hakucheka, na Wamuyu alipomtazama usoni alinyamaza, akamshika mkono.

"Pole, mamii. Sikujua ni nyumba mtapoteza. Si niione vizuri?" Alichutama, akabana udongo kwa vidole, kisha akaenda kwenye lile rundo kubwa la takataka lililokuwa nyuma ya banda. Akavuta furushi la kitu laini cha kijani, kama sifongo. "Hii mnaijua?"

"Majani," Fidèle alisema.

"Majani wapi! Hii ni mossa, kimea laini kama ukoga kinachokula nyasi. Ona, hili rundo karibu lote ni hiyo. Nyasi zenyewe zilikuwa chache, zimechoka. Huko kazini watu hukodi mashine kuitoa hii kitu, na mwaka ukifuata imerudi. Hao wazee wenu wameitoa na mikono?"

"Kwa saa tatu," Heshima alisema. "Kisha nikawapikia."

"Ulifanya vizuri kuwapikia." Wamuyu alipangusa mikono. "Sasa sikilizeni. Midsommar ni wiki mbili na nusu. Kuna mbegu inaota haraka, kwa siku saba, nane. Tutachanganya na klova nyeupe kidogo, ule mmea mdogo wa majani matatu. Mtarusha, mtafukia kidogo na reki, mtakanyaga na mbao. Halafu maji, kila asubuhi na kila jioni, bila kukosa. Hapo ndipo mtateseka. Baadaye hakuna kuteseka tena."

"Kila wiki kukata si kuteseka?" Fidèle aliuliza.

"Nani amewadanganya? Hizi zitakuwa nyasi za mtu wa zamu. Msikate fupi, acha vidole vinne. Nyasi ndefu inajifunika yenyewe, jua haifiki kwa mizizi, na magugu yanakosa nafasi. Ukikata, acha vipande hapohapo, hiyo ndiyo mbolea. Klova nayo inatengeneza mbolea yake bila kukuuliza. Ikisimama vizuri, maji utatia mara moja kwa wiki, mengi, basi. Mimi nikiona mtu yuko nje kila Jumamosi na mashine, najua huyo anamkimbia bibi yake."

Heshima alicheka hatimaye, na kicheko chake kilimshangaza mwenyewe.

*

Siku zilizofuata ratiba ilibandikwa kwenye friji. Fidèle alitia maji saa kumi na moja alfajiri kabla ya basi la Arlanda, jua likiwa limeshaamka zamani. Heshima alitia jioni. Siku ambazo zamu ziligongana, Gaëlle alitia yeye, kwa uso wa kuning'inia, akigeukia ukuta kila mtoto wa shule alipopita. Bibi Gunvor aliegemea uzio akauliza kwa upole wake uleule kama wanapanda viazi. "Hapana," Heshima alimjibu. "Nyasi." Bibi Gunvor alitazama udongo, akamtazama Heshima, akasema, "Jaha," neno ambalo kwa Waswidi linaweza kubeba kitu chochote, na siku hiyo lilibeba mengi.

Siku ya tano hapakuwa na kitu. Siku ya saba hapakuwa na kitu. Siku ya nane njiwa walikuja, na Fidèle aliwafukuza akiwa na taulo kiunoni, mbele ya mtaa mzima. Mzee Anastase alipiga simu, sauti imenyong'onyea. Habari zilikuwa zimemfikia.

"Ndugu yangu, unisamehe. Mzee mwenye nyumba akikuya, mwambie ni wadudu. Sema wadudu wamekula."

"Wadudu walioshika majembe?"

"Quand même, hata hivyo ni wadudu. Atajuaje?"

Usiseme Fidèle alilikataa wazo lile. Alilala nalo siku tatu.

Siku ya kumi Gaëlle alirudi shuleni, akapiga magoti kando ya kamba waliyoizungusha, akalaza shavu karibu na ardhi. Kisha akapiga kelele, na kwa mara ya kwanza kelele yake ilikuwa ya furaha. Heshima alitoka mbio na mwiko mkononi. Ukitazama kutoka juu hukuona kitu. Ukilaza shavu, uliona manyoya ya kijani, membamba kuliko uzi, maelfu kwa maelfu. Mama na binti walilala palepale kifudifudi kwenye njia ya mawe wakizitazama, na wala hawakujali nani anapita.

*

Bwana Sixten alikuja siku tatu kabla ya kutarajiwa, bila kupiga simu. Alikuwa na fimbo, kofia, na mkataba ndani ya bahasha. Fidèle alikuwa ndiyo kwanza anavua viatu. Alipomwona mzee kupitia dirisha, aliviacha viatu palepale.

Alitoka na soksi. Heshima alimfuata, na Gaëlle nyuma yao. Mzee alikuwa amesimama nje ya kamba. Upande wa kushoto uwanja ulikuwa wa kijani changa, urefu wa pingili ya kidole. Upande wa kulia, chini ya mti, bado kulikuwa na mabaka matupu. Hata kipofu angejua kwamba hizi si zile nyasi alizoziacha.

"Nyasi zangu zimekwenda wapi?" Bwana Sixten aliuliza.

Maneno yalikuwa tayari mdomoni mwa Fidèle. Wadudu, yalikuwa maneno mawili matatu tu, na kwa Kiswidi aliyafanyia mazoezi kwenye basi. Aligeuka kidogo akamwona Gaëlle akimtazama. Mtoto hakuwa na hasira, wala hakuwa akisubiri kitu. Alikuwa na ule uso wake wa siku za kuhama, wa kupanga vitabu kwenye sanduku. Mficha uchi hazai, Fidèle aliwaza.

"Tumeziondoa," alisema. "Mimi niliomba watu wa kanisa letu wanisaidie kukata. Kwetu uwanja safi hauna nyasi kabisa. Walikuja kumi na wawili na majembe. Walidhani wananipa zawadi. Kosa ni langu, mimi sikuwaeleza. Na ulipopiga simu nilikuambia ni fupi."

"Ulisema jua haliwezi kuziunguza."

"Ndiyo."

Mzee alitafuna midomo. "Na ile mossa?"

"Iko nyuma ya banda."

Bwana Sixten alikwenda nyuma ya banda, fimbo ikigonga mawe. Walimfuata. Alisimama mbele ya rundo lililokaukia pale, refu kumpita kiuno, akalichoma kwa fimbo, akachota kidogo, akanusa.

"Yote?" aliuliza. "Kwa mikono?"

"Kwa saa tatu."

"Miaka thelathini na moja," mzee alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Kila Mei, wikendi nzima, nilikwangua hii kitu. Mke wangu Margit aliweka kahawa pale barazani ikapoa. Alikuwa akiniambia, Sixten, ng'oa yote uanze upya, au iache uje ukae na mimi. Nikamwambia hakuna mtu anayeweza kuing'oa yote." Akavuta kamasi bila aibu. "Kwa nini hukuniambia kwenye simu?"

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi?"

"Hapana. Kuhama," Fidèle alisema. Alitafuta neno lingine kubwa zaidi, hakulipata, akalirudia lilelile. "Kuhama."

Mzee alimtazama Fidèle, soksi zake zilizochafuka, kisha mkewe, kisha mtoto. Aliuliza kama kuna kahawa. Heshima alikimbia ndani, akabandika maji kwa haraka hata yakamwagika juu ya jiko.

Walikunywa barazani. Wakati wa kikombe cha pili Bwana Sixten alitaka kujua nani aliyewashauri mbegu, na urefu gani, na kwa nini klova, na Gaëlle ndiye aliyemjibu, kwa ukali kidogo, kama mwalimu: vidole vinne, vipande viachwe palepale, maji mengi lakini mara chache. Mzee alipima vidole vinne juu ya meza. Akatoa mkataba, akafungua kifungu cha saba, akachukua kalamu yake ya bluu na kuyakata maneno *kila wiki*. Juu yake akaandika, kwa herufi za kutetemeka: *zikihitaji*. Akapindua ukurasa wa mwisho, akaandika miaka mitatu, akatia sahihi, akamsukumia Fidèle kalamu.

"Jambo moja," alisema. "Kule ziwani pia nina uwanja, na mossa ni mbaya zaidi. Hao wenzako kumi na wawili…"

"Watakuja," Heshima alidakia kabla mumewe hajapata pumzi. "Ila utawapikia."

*

Jumamosi baada ya sikukuu, Fidèle na Heshima walikuwa na mapumziko ya siku moja, jambo lililotokea kama kupatwa kwa jua. Walitoa viti viwili nje. Walikaa. Hawakufanya kitu chochote, na nyasi nazo zikaendelea kuota bila msaada wao. Heshima alivua viatu, akanyoosha miguu yake iliyochoka juani, akashusha pumzi ambayo pengine alikuwa ameishikilia tangu Södertälje. Bibi Gunvor alipita na kijikapu, akatazama klova, akasema, "Jaha," na safari hii lilikuwa neno jepesi tu.

Simu ya Fidèle ililia. Mzee Anastase.

"Ndugu, nasikia majani yamerudia! Tukuye Jumamosi ijayo kuiangalia?"

"Mukuye, yaya, kaka yangu mkubwa. Mukuye wote. Lakini jembe, hapana. Mulete mdomo wa kula tu."

Getini palikuwa na baiskeli mbili. Moja ilikuwa ya Gaëlle. Nyingine, nyekundu, ilikuwa ya msichana wa darasani kwao aliyeitwa Tilda, aliyekuwa akisukuma geti kwa mara ya kwanza, akitaka kukatiza moja kwa moja hadi barazani.

"Inte där!" Gaëlle alimpigia kelele, akamvuta mkono kumrudisha kwenye njia ya mawe. "Usipite hapo, bado changa. Pita huku. Uizoee hii njia."